Kichwa cha Maabara Hakina Ushungi

Wanawake wa Unguja wamezoea kupima vichwa vya wanaume. Kofia ya mkono, ile ya viua inayovaliwa na kanzu siku ya Ijumaa, huanza na kipimo: utepe unazungushwa juu kidogo ya nyusi, unapita juu ya masikio, unakutana nyuma pale kisogo kinapotokeza zaidi. Baada ya hapo ni sindano na uzi, jioni baada ya jioni, uani au barazani, mpaka vitundu vigeuke nakshi. Ikifuliwa hutiwa wanga na kuvalishwa kopo lenye mzingo uleule isije ikanywea. Mke anajua kipimo cha mumewe, mama anajua cha mwanawe, na bibi anayeshona za kuuza ana vipimo vya nusu ya mtaa. Muulize huyo bibi kichwa chake mwenyewe kina sentimita ngapi. Atakutazama tu. Ushungi hauna namba. Mtandio mmoja huvaliwa na mama, binti na wifi, na kila mmoja akaufunga anavyojua.

Kwa muda mrefu namba hiyo haikuwa na kazi. Sasa inayo, kwa sababu mwanamke wa kisiwa hiki amepanda pikipiki na hana nia ya kushuka. Simama asubuhi Amani au Kariakoo uwatazame wanaotoka Fuoni, Chukwani na Bububu: mwalimu juu ya vespa yake mwenyewe, pindo za baibui amezibana chini ya mapaja zisinaswe na gurudumu, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA anayekwenda Tunguu nyuma ya kaka yake, mke aliyekaa upande, mtoto kati yake na mgongo wa baba, muuguzi anayewahi zamu hospitali ya Mnazi Mmoja juu ya bodaboda, mkoba kifuani. Dereva, mara nyingi, ana helmeti. Trafiki humtazama yeye kwanza. Nyuma yake kuna kichwa kilichofunikwa vizuri kabisa, kwa kitambaa.

Helmeti ya kike, basi, ni ipi? Wauzaji wa Darajani na Mlandege wana jibu jepesi: ya pinki. Ukiikataa ya pinki watakutolea nyeusi yenye kipepeo. Jibu jingine nililikuta kwenye meza ya mitumba, kati ya mabegi ya shule na viatu vya mpira. Ilikuwa nyeupe, yenye maua madogo ya zambarau yaliyokwisha kupauka. Kwenye masikio haikuwa na gamba bali vitambaa vinene vya manyoya laini. Juu ilikuwa na vitundu vya hewa vinavyofunguliwa na kufungwa kwa kusukuma kipande cha plastiki, na nyuma palikuwa na kishikizo ambacho mtu wa Zanzibar hawezi kukijulia kazi yake.

“Hii ya kike kabisa, mamaangu,” akasema kijana. “Ya vespa. Mali ya Ulaya hiyo.”

Ndani, chini ya kitambaa, palikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa: EN 1077, daraja B. Hicho ni kiwango cha Ulaya cha helmeti za wanaoteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni. Kile kishikizo cha nyuma ni cha kuzuia ukanda wa miwani mikubwa ya theluji. Katika maabara, helmeti ya namna hii hugandishwa kwanza kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, ndipo iangushwe ionekane kama imegeuka kioo. Na sasa iko Darajani, saa saba ya mchana, mwezi wa pili, upepo umekatika na muuzaji anajipepea kwa kipande cha boksi.

Kwamba ni ya kike, kijana hakukosea. Pengine iliuzwa hivyo tangu dukani. Tatizo ni vespa. Kiwango cha theluji huiangusha helmeti, ikiwa na kichwa cha chuma ndani yake, kutoka mita 1.5. Ikifika chini ina mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya helmeti za pikipiki, ile namba 22, hudai pigo la mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa, sawa na kuanguka kutoka karibu mita 3. Tofauti ya kilomita 7 haitishi masikioni. Lakini nishati ya pigo hukua kwa mraba wa mwendo, na ukipiga hesabu utaona helmeti ya pikipiki inatakiwa imeze karibu mara mbili ya inachomeza hii ya maua. Mtu atauliza: mbona njia ya Tunguu watu wanakwenda 70? Kinachopimwa ni mwendo wa kichwa kuelekea kile kinachokigonga. Anayeteleza na pikipiki huanguka kutoka kimo cha kiti, kisha huburuzwa na lami. Kichwa kinapigwa zaidi na ule mwanguko kuliko na ile safari. Akikutana na nguzo au na gari la mbele yake hesabu ni nyingine, na hakuna helmeti inayoiahidi.

Gamba linalong'aa ndilo linalouzwa, ila kazi kubwa hufanywa na tabaka la chini yake, ile plastiki nyeupe nyepesi wanayoipakia kandoni mwa televisheni mpya. Kichwa kikigonga, tabaka hilo hupondeka, na katika kupondeka hukipa kichwa sehemu ndogo sana ya sekunde ya ziada kabla ya kusimama. C. F. Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California aliiombea hataza fikra hiyo mwaka 1953, na helmeti nyingi za leo bado zinapita njia yake. Ila plastiki ikishapondeka hairudi. Helmeti iliyokwisha kuanguka na mtu ni gamba zuri lisilo na kitu cha kutoa, na kwa nje huwezi kujua. Gauni la mitumba unalifua, jasho la mwenyewe likatoka. Anguko la mwenyewe halifuliki.

Niliirudisha mezani, na kwa masikitiko, maana ilinikaa.

Si kwamba theluji haiwahusu kabisa watu wa pwani. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akahamia Austria na mama yake angali mdogo, na mwaka 2018 huko PyeongChang, Korea Kusini, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushindana katika kuteleza kwenye theluji ya milimani kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Katika mbio alizoshiriki, mwendo unaweza kupita kilomita 100 kwa saa, na helmeti za mashindano zina gamba gumu mpaka kwenye masikio. Vile vitambaa vya manyoya ni vya wanaojifurahisha. Medali hakupata, na si hilo linalonivuta kwake. Linalonivuta ni kwamba katika kazi ile hakuna anayeshuka mlima na helmeti ya kuazima kwa kaka yake. Kichwa kinapimwa kwanza, kichwa cha huyohuyo anayeshuka.

Hata hivyo huko nako neno “ya kike” halibebi mengi. Kwenye maduka ya Ulaya mara nyingi gamba ni lilelile la mwanamume, likaanzia saizi ndogo zaidi, likatiwa kitambaa laini na rangi nyingine, na nyuma pakaachwa nafasi ya mkia wa nywele. Hiyo nafasi ya nywele ndiyo pekee ninayoiheshimu. Mtu fulani, mahali fulani, alikumbuka kwamba kichwa cha mwanamke hakiishii kwenye fuvu.

Kukumbuka huko kumechelewa, kwa sababu helmeti ilizaliwa juu ya vichwa vya wanaume. T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana jangwani pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki yake mwezi wa Mei 1935 bila helmeti, akafa siku sita baadaye. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Jambo lile halikumtoka. Mwaka 1941 alichapisha utafiti juu ya majeraha ya kichwa ya wapanda pikipiki, wakati wa vita ambapo wapeleka barua wa jeshi la Uingereza walikuwa wakifa njiani bila kupigwa risasi, na jeshi likawaamuru wavae helmeti. Wanajeshi, wakimbiza magari, polisi. Wanawake tulifika baadaye, tukapewa rangi.

Kichwa cha maabara kina ukoo huohuo. Ni kichwa cha chuma, na saizi zake huitwa kwa herufi: A ina mzingo wa sentimita 50, E ina 54, J ina 57, M ina 60, O ina 62. Nilichukua utepe wa cherehani, ule uliopima kofia za wengine, nikajizungushia mbele ya kioo. Ukasema 56 kichwa kitupu, na 58 na ushungi wa kazini. Madukani 56 huwa ni saizi ndogo na 58 ni ya kati, kwa hiyo mimi ni watu wawili, na nani kati yao anayepanda vespa? Kichwa cha chuma hakina tabu hiyo. Hakina misuko wala fundo kisogoni. Hakina pini, hakina kofia ya ndani, hakina asumini. Kina upara wa moja kwa moja, na helmeti zenye alama za heshima zimepasishwa juu ya upara huo.

Linganisha na kichwa kinachotoka mlangoni Kikwajuni saa moja ya asubuhi. Kuna nywele, zimesukwa au zimefungwa. Juu yake kofia ya ndani ya kuzuia nywele zisichomoze. Juu yake tena mtandio, pengine wa shifoni unaoteleza, umebanwa kwa pini mbili tatu. Na kwa wasichana wengi kuna lile banio kubwa la ua linalounyanyua ushungi nyuma, mtindo uliotufikia kutoka Ghuba. Weka helmeti juu ya jengo hilo. Haishuki. Inakaa utosini, inalala nyuma, paji la uso liko wazi kabisa, na mkanda hauwezi kubana kwa sababu unakamata kitambaa, haukamati taya. Mwenye nayo amevaa helmeti, trafiki ameridhika, na upepo wa kwanza wa lori utamwonyesha kama ameivaa kweli.

Kuna harufu pia, jambo ambalo wataalamu wa usalama barabarani hulisema kwa haya. Helmeti ya abiria ya bodaboda imening'inia kwenye mpini tangu alfajiri, imeota jua, imenyeshewa, imepita juu ya vichwa ambavyo hata dereva hawakumbuki wenyewe. Mwanamke aliyefukiza nywele kwa udi usiku haiingizi hiyo kichwani, na mimi simlaumu. Kampala, kampuni ya SafeBoda iliyoanza mwaka 2014 ililiona tatizo hili: dereva wake hubeba helmeti ya pili kwa ajili ya abiria, na abiria akapewa na kofia nyepesi ya kuvalia ndani. Ni vizuri. Lakini kwa anayepanda kila siku, nadhani jibu liko karibu zaidi. Helmeti ni kitu cha mtu na nafsi yake, kama mswaki. Tumezoea kuihesabu kuwa kifaa cha pikipiki, inayokuja na pikipiki na kuondoka na pikipiki, ndiyo maana ikawa ya dereva. Ihamie kwenye kabati la mwanamke, ikae pamoja na viatu na mikoba, ndipo mambo mengine yote yatapata pa kuanzia.

Nchi nyingine zimekutana na kichwa kilichofunikwa, kila moja kwa namna yake. Uingereza ilipolazimisha helmeti mwaka 1973, Masingasinga walikataa kuvua vilemba, na mwaka 1976 Bunge likawasamehe. Ni heshima kwa imani na sina neno nayo, ila lami haikuwasamehe. Ushungi wetu hauhitaji msamaha wa mtu, kwa sababu unakaa chini ya helmeti bila kugombana nayo, mradi nafasi iwepo. Vietnam ililazimisha helmeti kwa kila dereva na kila abiria kuanzia tarehe 15 Desemba 2007. Hoja ya joto ilikuwepo kule kama ilivyo kwetu, na viwanda vikajibu kwa helmeti nyepesi zenye matundu. Zipo hata zilizoachiwa pengo nyuma la kupitisha mkia wa nywele. Indonesia ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote kwa hali: Waislamu, joto, bahari, na wanawake mamilioni wenye pikipiki zao. Helmeti juu ya jilbabu ni jambo la kila siku, na wapo watengenezaji wanaotangaza helmeti za wenye hijabu, zenye kitambaa cha ndani kinachovulika na kufuliwa. Wafanyabiashara wetu wanajua njia ya Dubai na Guangzhou hata wakifumba macho. Mwaka mmoja wangejaribu Jakarta. Hapa hapahitajiki fatwa, panahitajika kontena.

Kuna sababu nyingine ya kusisitiza, nayo inahusu namna tunavyoanguka. Mwanamke akianguka na pikipiki Mwanakwerekwe, mtazame mkono wake. Goti limechunika, kiwiko kinatoka damu, lakini mkono unakwenda kwenye ushungi. Umekaa? Nywele hazionekani? Kisha anasema, “Sijambo, sijambo, sikuumia,” kwa sababu watu wamekusanyika na haya inamla, anataka kuondoka pale. Mwezi wa Machi 2009 mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Mont-Tremblant, Quebec, kwenye mteremko wa wanaoanza, bila helmeti. Aliinuka, akazungumza, akakataa daktari. Siku mbili baadaye alikufa; damu ilikuwa imevuja ndani ya fuvu ikaukandamiza ubongo. Ule muda wa “sijambo” madaktari wanaujua vizuri, nao ni mwongo. Unguja leo Mnazi Mmoja ina kitengo cha upasuaji wa ubongo, kilichoanzishwa kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania, ambapo kabla yake safari ilikuwa ni kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam. Kitengo hicho ni neema. Lakini ni neema ya baada. Waliozikusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja, katika mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008, walikisia kwamba helmeti humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Ukienda kununua, dada yangu, nenda umevaa utakavyovaa. Usiende na ushungi wa Jumapili ukaja kupanda na wa Jumatatu. Muuzaji mmoja, kijana mwenye adabu zake, aliniona nahangaika akasema, “Mama, ukivua hiyo itakukaa vizuri sana.” Nikamwambia, “Mwanangu, na barabarani nitaivua wapi?” Akacheka, akaenda ndani kuleta saizi nyingine. Ikufinye mashavu kidogo; sponji za pembeni hulegea kadiri siku zinavyokwenda, na inayokukaa kwa raha dukani itakuwa inacheza kichwani kabla ya Ramadhani. Iteremke mpaka juu kidogo ya nyusi, pale utepe wa kofia unapopita. Funga mkanda, kisha shika ukingo wa nyuma na uisukume juu na mbele kwa nguvu zako. Ikikuvuka uso, itakuvuka na barabarani, kwa hiyo mrudishie muuzaji.

Kisha ikague ndani, maana ndani ndiko wanakodanganya. Inua kitambaa, bonyeza kwa kidole gumba. Ukikuta sponji laini inayozama na kurudi, halafu gamba tupu, hiyo ni bakuli la kumridhisha trafiki. Unataka ile plastiki nyeupe ngumu, nene kiasi cha inchi moja, isiyokubali kidole. Tafuta herufi E ndani ya duara, na namba pembeni yake. Hiyo ni alama ya ile kanuni namba 22, na namba huonyesha nchi iliyoipasisha. Alama nayo hughushiwa, ndiyo maana kidole gumba hakistaafu. Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, ipo kwa sheria ya mwaka 2011, na ningependa sana siku moja wakivalishe kile kichwa cha chuma mtandio wa shifoni na kofia ya ndani, wakiangushe, watuambie kilichotokea.

Kuhusu umbo, sitaki kuwa mpole. Zile zinazofunika utosi peke yake, zikaishia juu ya masikio, zinapendwa kwa sababu haziharibu kitu: ushungi unakaa, poda inakaa, hewa inapita. Lakini mtu anayeanguka mbele huanguka na uso, na taya la mwanamke halikuumbwa kwa zege tofauti. Ya kufunika uso mzima ndiyo bora, na shida yake kwetu ni kuivaa: inapoingia inauburuta mtandio nyuma, ukitoa kichwa upande wa pili umekuwa mtu mwingine. Zile zinazofunguka mbele, kidevu kikainuka juu na kurudi, zimenishinda nguvu za kuzikosoa. Unaivaa ikiwa wazi, unapanga ushungi na miwani, kisha unaifunga. Ni nzito na bei yake inaumiza, hilo nakiri. Lakini baibui la Dubai lenye mawe mikononi tunalilipia bila kuhema, na hilo halijawahi kumzuia mtu asigonge.

Chini yake vaa hijabu ya kitambaa cha jezi, ile ya kuingiza kichwani isiyo na pini. Pini chini ya helmeti ni msumari unaongoja nyundo. Fundo la nywele lishushwe mpaka shingoni, chini ya ukingo wa gamba, na lile banio la ua liwe mkobani mpaka ufike. Hijabu ifuliwe kila siku, kitambaa cha ndani cha helmeti kila wiki, na udi ufukize vyote viwili. Hakuna kiwango cha Ulaya kinachokataza.

Nimesema ubaya wa ile ya uso mzima, niitendee haki na kwa uzuri wake. Mji Mkongwe ni mji wa madirisha. Ukikatiza kutoka Malindi mpaka Shangani, kabla hujafika nyumbani mama yako ameshajua ulipita na nani na ulisimama wapi. Mabibi zetu walikuwa na buibui la kamba, wakipita Hurumzi mchana kweupe hakuna anayewajua isipokuwa kwa mwendo. Kizazi cha ushungi wa rangi kiliipoteza faragha hiyo. Mwenye helmeti ya uso mzima na kioo cheusi ameirudisha, na safari hii ana injini. Nimewaona wasichana wawili wakipita Forodhani jioni kwa vespa, vioo vimeshushwa, wakicheka kwa sauti kubwa ambayo mtu mwenye uso asingethubutu kuitoa pale.

Linalonishinda bado ni harusi. Nywele zimekaa saluni tangu asubuhi, zimepandishwa ghorofa, vikuba vya asumini vimechomekwa kuzunguka, wanja na rangi ya macho havijakauka, na ukumbi uko upande wa pili wa mji. Helmeti yoyote inayofaa kwa pigo haifai kwa kichwa hicho, na inayofaa kwa kichwa hicho haifai kwa pigo. Nimejaribu kulizungumza na wifi zangu, wakanitazama kwa huruma. Usiku huo vespa inalala uani, tunachangishana nauli, tunapanda gari ya watu saba tukiwa tisa, na hakuna hata mmoja aliyefunga mkanda.